Mwanangu ana ADHD, shule inasema haina la kufanya: niombe nini?

"Mwanangu wa kiume ametimiza miaka saba, yuko darasa la pili, shule ya msingi ya serikali hapa Tanga mjini. Tangu awali walimu wanalalamika: hakai, anaropoka jibu kabla swali halijaisha, daftari likirudi nyumbani lina mistari miwili. Mwaka jana tulimpeleka hospitali, akapimwa, tukaambiwa ana ADHD. Nilipopeleka karatasi ya daktari shuleni, mwalimu wa darasa aliisoma, akanirudishia. Darasa lina watoto 92. Akaniambia, 'Mama, sasa mimi nifanye nini?' Hivi sasa amekalishwa nyuma peke yake asisumbue wenzake, na fimbo anakula karibu kila siku. Mwalimu mkuu anashauri akariri darasa au nimpeleke kitengo cha elimu maalumu. Mama mkwe anasema ni mashetani, afanyiwe kisomo. Mume wangu anataka tumhamishie shule binafsi ya Kiingereza. Kinachozidi kunichanganya, chuoni (madrasa) ustadhi anasema hana shida naye, tena anahifadhi vizuri. Nina haki ya kuomba nini shuleni? Na vidonge, nimpe?"

Pole, mama. Umeuliza mengi kwa pamoja na nitayapitia yote, ila nianze na ile karatasi uliyorudishiwa, kwa sababu kukwama kwenu kumeanzia hapo. Karatasi inasema mtoto ana ADHD, yaani hali inayompa mtoto shida ya kutulia, kujizuia na kuelekeza umakini. Haimwambii mwalimu afanye nini kesho saa mbili asubuhi, akiwa na watoto 92 mbele yake na kipande cha chaki mkononi. Inawezekana kabisa kwamba mwalimu huyo hakuwa anakufukuza. Aliuliza swali la kweli na hakuna aliyemjibu. Mwalimu mwenye darasa kama hilo ana uwezo wa kusaidia akiombwa jambo dogo, linaloonekana, ambalo halimwongezei kazi. Akipewa jina la tatizo peke yake, atalirudisha kwa mwenyewe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu langu ni juu ya nini cha kuomba, kwa nani, na kwa namna gani.

Kwanza hilo la ustadhi, maana ndani yake kuna maelezo ya tatizo lenyewe. Fikiria mtoto anavyosoma chuoni. Anasoma kwa sauti. Kipande ni kifupi. Akikosea anasahihishwa papo hapo, akipatia anasonga mbele papo hapo. Mwili unayumba huku na huku na hakuna anayemkemea kwa hilo. Sasa fikiria darasani: hesabu kumi ziko ubaoni, azinakili kimya, azifanye, asubiri daftari lisahihishwe, pengine kesho. Mtoto ni yuleyule na kichwa ni kilekile. ADHD haina maana kwamba mtoto hana umakini kabisa. Maana yake ni kwamba anashindwa kuuelekeza pale anapotakiwa, hasa kazi ikiwa ndefu, ya kimya, na malipo yake yako mbali. Ndiyo sababu vilevile anaweza kutulia saa nzima mbele ya katuni, nanyi mkasema, "Kumbe akitaka anaweza." Katuni inamlipa kila sekunde. Hesabu haimlipi.

Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayotuwezesha kujizuia, kusubiri na kushika maagizo kichwani, na kazi yake inategemea sana kemikali iitwayo dopamini. Kwa watoto wenye ADHD mfumo huo hufanya kazi tofauti na hukomaa kwa kuchelewa. Picha za ubongo zimeonyesha ukomavu wa gamba la juu la ubongo ukichelewa, kwa wastani, kama miaka mitatu. Mtoto wako anaweza kuwa na akili ya miaka saba au zaidi, huku breki zake zikiwa za mtoto wa awali. Kwa sehemu kubwa hali hii hurithiwa, na si ajabu kwamba baba au mjomba fulani naye "hakuwa akikaa" utotoni. Malezi mabaya hayaileti. Sukari haiileti. Simu na televisheni haziileti, ingawa zikimnyima usingizi zitaizidisha.

Kuna jambo moja la kuelewa vizuri kwa sababu maombi yote ya shuleni yanatoka humo. Kumbukumbu ya muda mfupi, ile tunayoitumia kushika maagizo wakati tunayatekeleza, kwake ni sinia la muuza kahawa lenye nafasi ya vikombe viwili. Mwalimu akisema, "Toeni madaftari ya hesabu, andikeni tarehe, chora mstari, fanyeni namba moja hadi kumi," kufikia tarehe vikombe vingine vimeshaanguka. Mwalimu anaona mtoto mkaidi. Mtoto mwenyewe anaona wenzake wanaandika na hajui wanaandika nini, basi anamgeukia jirani kuuliza, na hapo ndipo anapochapwa kwa kuongea. Karibu kila mara mtoto huyu kanuni anaijua. Ukimuuliza jioni atakutajia. Kinachokosekana ni kuikumbuka katika sekunde ile inapohitajika. Kwa hiyo msaada unaofaa ni ule uliopo palepale, dakika ileile, mbele ya macho yake. Mahubiri ya jioni na adhabu ya baadaye havifiki mahali tatizo lilipo.

Hata hivyo usilipuuze neno la ustadhi. Ili daktari aseme ni ADHD, dalili zinatakiwa ziwe zimedumu angalau miezi sita, zimeanza kabla ya miaka 12, na zionekane mahali pawili au zaidi. Jiulize nyumbani yukoje: ukimtuma dukani vitu viwili analeta kimoja? Kuvaa sare asubuhi kunahitaji kukumbushwa mara ngapi? Mezani anamaliza chakula amekaa? Kama majibu yanafanana na ya shuleni, ustadhi anaona tu upande wake mzuri. Lakini kama nyumbani na chuoni kote yuko sawa na shida iko darasani tu, rudi kwa daktari, kwa sababu huenda kuna kitu kingine kinachojificha ndani ya utundu. Masikio yaliyowahi kutoka usaha yanaweza kusikia nusu tu ya maagizo. Macho yasiyoona ubao humfanya mtoto aache kuandika. Mtoto anayekoroma usiku kwa sababu ya vinyama vya puani hapati usingizi wa kutosha, na mtoto asiyelala vizuri hasinzii mchana kama mtu mzima, hurukaruka. Upungufu wa damu nao hula umakini. Aliyewahi kuugua malaria kali iliyopanda kichwani anahitaji historia hiyo ielezwe wazi. Na kama anatumia fenobabitali kwa ajili ya kifafa, mwambie daktari, kwani dawa hiyo inajulikana kuwafanya baadhi ya watoto wawe watukutu kupita kiasi. Ila usiisimamishe wewe mwenyewe, kuikatiza ghafla kunaweza kuleta degedege.

Angalia pia mwezi aliozaliwa. Kwa kuwa mwaka wetu wa shule unaanza Januari, mtoto wa Novemba au Desemba anaweza kuwa mdogo kwa karibu mwaka mzima kuliko aliyekaa naye dawati moja. Imeonekana katika nchi nyingi kwamba walio wadogo zaidi darasani huambiwa wana ADHD mara nyingi kuliko wenzao. Umri mdogo haufuti vipimo, lakini daktari aujue.

Kuhusu mashetani sitagombana na mama mkwe, wala wewe usigombane naye, kwa sababu utahitaji msaada wake nyumbani. Dua haimdhuru mtoto. Kinachodhuru ni mafusho kwenye kifua cha mtoto, dawa za kunywa zisizojulikana zina nini, kumchanja chale, kumfunga, na zaidi ya yote miezi inayopotea huku shule ikisubiri majibu. Mwambie mama: kisomo na kiendelee kama kinawapa utulivu, na hospitali na shule navyo viendelee.

Sasa fimbo. Utaambiwa samaki mkunje angali mbichi. Fimbo humtuliza mtoto yeyote kwa dakika chache, na utulivu huo ndio unaomdanganya mwalimu kwamba imefanya kazi. Mtoto mwenye ADHD hachapwi kwa jambo alilopanga, anachapwa kwa jambo lililomtoka, kwa hiyo hana cha kurekebisha. Anachojifunza ni kuogopa shule, kuficha daftari na kusema uongo. Kisheria viboko havijafutwa katika shule zetu, lakini vina masharti ambayo wazazi wengi hawayajui. Kanuni za mwaka 2002 zinaviruhusu kwa makosa mazito tu, visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kwa kuzingatia umri na afya ya mtoto, na viandikwe kwenye kitabu maalumu. Kuinuka kwenye dawati au kusahau penseli si kosa zito kwa kipimo chochote. Ila nakushauri kanuni hizi ubaki nazo mfukoni kwanza. Ukiingia ofisini na sheria mkononi siku ya kwanza, utashinda mjadala na mtoto wako atabaki na mwalimu aliyenuna.

Twende kwenye maombi. Omba mambo matatu, si kumi na mawili.

La kwanza ni mahali pa kukaa, kwa kuwa halina gharama na matokeo yake huonekana haraka. Dawati la nyuma peke yake ndiyo sehemu mbaya kuliko zote: yuko mbali na sauti ya mwalimu, na mbele yake kuna migongo 91 inayojigeuzageuza. Omba dawati la mbele, upande ambao mwalimu husimama zaidi, mbali na mlango na dirisha la barabarani. Kwenye dawati la watoto watatu akae ukingoni, si katikati, ili akiinuka asiwasukume wenzake. Jirani yake awe mtoto mtulivu asiyemcheka. Akiwa hapo mwalimu anaweza kugusa kona ya dawati kwa kidole bila kusimamisha somo, na mguso huo uwe ishara waliyokubaliana: rudi kwenye kazi. Ishara ya kimya ina faida nyingine. Jina lake likiacha kutajwa kwa ukali mara ishirini kwa siku, wenzake nao huacha kumwona kama mkosaji wa darasa.

La pili ni kazi kukatwa vipande. Hesabu kumi ziwe tano na tano. Akimaliza tano za kwanza anapeleka daftari kwa mwalimu, anawekewa tiki, anarudi kufanya zilizobaki. Kwenda na kurudi kule kunampa mwendo ambao mwili wake unautafuta, na tiki ndiyo malipo ya papo hapo niliyoyaeleza. Kunakili kutoka ubaoni kunawashinda watoto hawa kuliko hesabu yenyewe, kwa sababu kila akiinamisha kichwa sinia limemwaga. Omba aruhusiwe kunakili kutoka daftari la jirani lililo karibu na macho yake, au aandike namba ya swali na jibu tu. Maagizo nayo yaje moja moja: mwalimu amwite jina, asubiri amtazame, aseme kwa maneno machache, mtoto ayarudie. Inachukua sekunde kumi.

Kuna vitu viwili vya kuongeza kama mwalimu ni mwepesi wa kukubali. Apewe vijikazi vya kutembea, kama kufuta ubao au kukusanya madaftari, lakini apewe kabla hajachoka kukaa. Akipewa baada ya kufanya fujo, fujo imelipwa. Na asinyimwe mapumziko kama adhabu. Mtoto anayefungiwa darasani saa nne wenzake wakikimbia uwanjani atalipa deni hilo vipindi vyote vinavyofuata, na watakaolipishwa ni mwalimu na darasa zima.

La tatu ni kadi ya siku. Hii ni moja ya nyenzo zenye nguvu zaidi za shuleni kwa umri huu, na ndiyo inayoharibika upesi zaidi, kwa hiyo nitaieleza polepole. Kata karatasi ya daftari katikati. Andika malengo mawili, kwa maneno ya kutenda yanayohesabika: "Nimemaliza hesabu tano kabla ya kuinuka" na "Nimenyoosha mkono kabla ya kujibu." Usiandike "Nimekuwa na nidhamu," kwa sababu hakuna anayejua hilo hupimwa vipi. Chora safu tatu: kabla ya mapumziko, baada ya mapumziko, vipindi vya mwisho. Mwalimu anaweka tiki au anaacha wazi. Jumla ni tiki sita kwa siku, na kwa mwalimu ni chini ya dakika moja.

Wiki ya kwanza usitoe zawadi wala lawama, hesabu tu. Tuseme kwa wastani anapata tiki mbili. Basi lengo la kuanzia ni tatu. Liwe lengo ambalo atalifikia siku nne kati ya tano, maana mtoto huyu ameshazoea kushindwa na anahitaji kuonja ushindi ndipo aamini kwamba kadi ni yake. Akifikia, malipo ni siku hiyohiyo, kabla hajaenda chuoni: dakika 20 za mpira na baba, kashata, kuchagua chakula cha jioni. Kwenda ufukweni Raskazone Jumapili iwe ziada ya wiki nzima, isiwe malipo yenyewe. Kwa mtoto wa miaka saba mwenye ADHD Jumapili ni mbali kama mwakani. Baada ya wiki mbili za kufaulu, panda hadi nne.

Inaharibikaje? Mara nyingi zaidi kwa mzazi kuigeuza kadi kuwa mashtaka. Siku yenye tiki moja mtoto anachapwa nyumbani, na kuanzia hapo kadi "inapotea njiani." Kanuni ni hii: kadi mbaya haileti adhabu yoyote, inamkosesha zawadi tu, na kesho ni kadi mpya. Kadi iliyopotea ihesabiwe kama isiyo na tiki, bila kelele. Njia nyingine ya kuharibika ni zawadi kuchosha. Baada ya wiki mbili au tatu kashata haina ladha tena, badilisha. Ya tatu ni mwalimu kusahau, jambo la kawaida kabisa kwa mwenye watoto 92. Mpe mtoto mwenyewe jukumu la kuipeleka kadi mezani kila kipindi kinapokwisha, na wewe uandae kadi za wiki nzima Jumapili, zikae ndani ya mfuko wa plastiki kwenye begi. Mwalimu akiwa hayupo siku hiyo, usimnyime mtoto. Mpe nusu ya zawadi, kadi iendelee kesho.

Jinsi ya kuomba. Usimkamate mwalimu mlangoni asubuhi. Mpigie au mtumie ujumbe, omba dakika 20 mchana baada ya watoto wa darasa la kwanza na la pili kuondoka. Nenda na baba wa mtoto kama inawezekana. Si haki, lakini utaona tofauti ya mapokezi. Anza kwa kumuuliza mwalimu yeye anaona nini, saa ngapi hali huwa mbaya zaidi, na nini alishajaribu kikafaa hata kidogo. Kisha toa maombi yako. Baada ya mazungumzo hayo, andika barua fupi kwa mwalimu mkuu, kwa mfano hivi:

"Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa la pili, (jina). Daktari amethibitisha kuwa ana ADHD. Nakala ya cheti imeambatishwa. Baada ya kuzungumza na mwalimu wake wa darasa, naomba kwa majaribio ya wiki sita: akae dawati la mbele ukingoni, kazi ya ubaoni aifanye kwa vipande viwili, kila kimoja kikikaguliwa, na kadi yake ya siku iwekwe alama mara tatu. Kadi nitaziandaa mimi na nitazifuatilia nyumbani kila siku. Naomba asichapwe kwa dalili za hali yake. Naomba tukutane baada ya wiki sita kuangalia matokeo."

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe ya kupokelewa ubaki nayo. Neno "majaribio" lina kazi yake hapo: mwalimu mkuu anaogopa kuahidi jambo la miaka mingi, wiki sita haziogopeshi. Uliza pia kama shule ina mwalimu wa ushauri na unasihi, na kama yule mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu anaweza kuja kumshauri mwalimu wa darasa bila mtoto kuhamishwa. Walimu hao, wengine waliosomea Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha, wanajua mbinu hizi, na ombi la aina hiyo halizoeleki ingawa ni rahisi kulitimiza.

Wiki sita zikipita bila chochote kufanyika, ngazi inayofuata ni Afisa Elimu Kata, kisha afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika idara ya elimu ya Halmashauri ya Jiji. Hapo ndipo sheria itoke mfukoni: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ambayo inatambua haki ya kusoma katika shule za kawaida, pamoja na kanuni za viboko nilizotaja. Nenda na ile nakala yenye muhuri na kadi zako za wiki sita. Mzazi mwenye karatasi husikilizwa tofauti na mwenye malalamiko ya mdomo.

Kukariri darasa? Ningekataa, isipokuwa kama kweli hajui kusoma na kuandika kwa kiwango cha darasa la kwanza, na hata hapo ningeuliza kwanza atafundishwa nini tofauti. ADHD haiponi kwa kurudia somo lilelile kwenye dawati lilelile la nyuma. Atakuwa mkubwa kuliko wenzake, atachekwa, na kazi rahisi zaidi humchosha upesi zaidi. Lakini mpime kusoma wewe mwenyewe: mpe aya fupi ya kitabu cha darasa la kwanza, asome kwa sauti mkiwa wawili tu mahali pa kimya. Akisoma vizuri hapo, tatizo ni mazingira ya darasani. Akikwama kwenye silabi hata katika utulivu, huenda ana ugumu wa kusoma pamoja na ADHD, mambo ambayo mara nyingi huambatana, na huo unahitaji kufundishwa silabi kwa utaratibu, dakika kumi na tano kila siku.

Kitengo cha elimu maalumu, au shule kama Irente Rainbow kule Lushoto, ni kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili na mahitaji mazito zaidi. Mtoto anayehifadhi sura baada ya sura hana dalili ya kuhitaji hilo.

Shule binafsi ya Kiingereza ina faida moja ya kweli, nayo ni darasa dogo. Hasara zake mume wako azipime. Mtoto anayepoteza maagizo kwa lugha aliyozaliwa nayo atayapoteza zaidi kwa lugha anayoanza kujifunza, na hapo hamtajua tena lipi ni lugha na lipi ni ADHD. Shule nyingi za aina hiyo hutoa kazi nyingi za nyumbani, na nyingine humwomba mzazi amwondoe mtoto anayeshusha wastani. Kabla ya kulipa ada, zungumza na mwalimu atakayempokea, siyo mwenye shule, umwonyeshe kadi ya siku, umuulize kama ataijaza. Darasa la watoto 92 lenye mwalimu aliyekubali ni bora kuliko la 35 lenye mwalimu aliyekataa. Bweni lisifikiriwe kabisa. Tangu 2023 serikali imezuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na kwa huyu ingekuwa hasara maradufu, kwani wewe ndiye nusu ya matibabu.

Na vidonge. Kwa mtoto aliye chini ya miaka sita, tunaanza na mafunzo kwa wazazi na marekebisho ya darasani. Kuanzia sita dawa inaweza kuingia, kama dalili ni nzito na hayo mengine yamejaribiwa kwa dhati. Inayotumika zaidi duniani ni methilifenideti. Kidonge cha kawaida huanza kufanya kazi ndani ya saa moja na huisha baada ya kama saa nne, yaani kinafunika asubuhi ya shule. Hakiponyi, kinampa breki kwa saa hizo, na watoto wengi hufaidika waziwazi. Hupunguza hamu ya kula, kinaweza kuchelewesha usingizi, kuumiza kichwa au tumbo, kwa hiyo mtoto apimwe uzito, urefu, shinikizo la damu na mapigo ya moyo kabla na kila baada ya miezi michache. Anywe baada ya uji wa asubuhi, siyo kabla. Kama katika ukoo kuna aliyefariki ghafla kwa moyo akiwa kijana, daktari aambiwe mapema. Hofu ya kwamba atakuwa teja haina msingi kwa dozi inayosimamiwa na daktari. Ugumu wa kweli ni kwamba ni dawa inayodhibitiwa, haipatikani kila duka, na kuianza bila uhakika wa kuipata mwezi ujao kunavuruga. Ulizeni kliniki ya afya ya akili Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo. Wao ndio watakaosema kama kuna haja ya rufaa kwenda hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi. Ningeanza na wiki sita za shuleni, kisha mwende na kadi hizo kwa daktari. Zitamwambia mengi kuliko maelezo yako na yangu. Kitu kimoja usikifanye: kumpa Piriton (dawa ya mzio inayoleta usingizi) au dawa nyingine ya usingizi ili atulie. Mtoto mwenye usingizi hajifunzi, na wengine huchachawa zaidi.

Msisubiri wiki sita mkiona anaganda ghafla akikodoa macho sekunde kadhaa bila kuitika, tena na tena. Hiyo inaweza kuwa aina ya kifafa, na daktari amwone wiki hiyohiyo. Vivyo hivyo akianza kupoteza uwezo aliokuwa nao wa kuongea au kutembea, akisema anataka kufa au hapendwi na mtu, akitoroka kuelekea barabarani, au akikoroma usiku huku pumzi ikikatika. Akirudi na majeraha ya kipigo, mpeleke hospitali, mwone Afisa Ustawi wa Jamii, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, bila malipo.

Jambo la mwisho ni la Desemba. Darasa la tatu linaweza kuwa na mwalimu mwingine, na kila mlichokijenga kitabaki kwenye kichwa cha huyu wa sasa. Kabla shule hazijafungwa, mwombe akuandikie mistari mitano: alikaa wapi, ishara gani ilifaa, kazi ikatwe vipi, nini kilimharibu. Ibandike pamoja na cheti cha daktari na kadi mbili au tatu, uipeleke wiki ya kwanza ya Januari. Mwambie mwalimu mkuu mapema kwamba utahitaji kujua utaratibu wa muda wa nyongeza unaotolewa kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, kwa sababu upimaji wa darasa la nne uko karibu na maombi ya aina hiyo hupitia shuleni, wakati wa usajili.